Nukta ya Kumi na Saba

Saa nane na dakika sita usiku, Mkuyuni.
Duka la matairi chini yangu limefungwa,
mlinzi anakohoa ndani ya koti,
na mimi, Nyanjige, binti wa karani wa pamba,
nachunga malori kwa macho.

Kila lori ni nukta. Ya kijani inatembea,
ya njano imesimama, injini inanguruma,
nyekundu ina kesi ya kujibu.
Namba nne yuko Rusumo, foleni ya mpakani.
Namba tisa amepita Nzega na mbegu za pamba.
Kumi na saba, Lushinge,
tani ishirini na tano za minofu ya sangara,
baridi ya kontena nyuzi kumi na nane chini ya sifuri
(naisoma kama mtu anavyosoma homa ya mwanawe),
amesimama chini ya mlima Sekenke.
Dakika arobaini na moja.

Zamani kulikuwa na daftari.
Jalada la kijani, kona zimeliwa na grisi,
na Lushinge alilijaza kwa mwandiko wa mwalimu:
"Saa nne usiku, nimelala Shinyanga."
Saa nne hiyo alikuwa anaingia Igunga,
tangawizi shavuni, dirisha wazi,
anajipiga makofi kama aliyevamiwa na mbu.
Tajiri akasaini. Watu wa mizani wakasaini.
Tulijua sote, na sote tukasema
Lushinge ni chuma.

Mpaka Malegesi, naye chuma,
alipoandika "nimelala Manyoni" kabla hajafika Manyoni,
na Manyoni kweli akalala,
lori limepindua magurudumu juu.
Katika kurasa zake zote
mstari huo tu haukuwa uongo.

Ndipo kikaja kidude.
Hakizidi kipande cha sabuni.
Fundi wa Buzuruga alikifunga chini ya dashibodi, akaenda zake.
Kinahesabu spidi, breki, mafuta, mlango ukifunguliwa;
saa nane za usukani zikitimia
kinalia kama kifaranga aliyepotezwa na mama.
Madereva wakakibatiza Mkwe,
maana mbele yake hata kukohoa
unakohoa kwa adabu.
Lushinge alikivika karatasi ya sigara.
Nikaiona nukta yake ikizama Tinde
na kuibuka Singida kama mzimu.
Alikatwa mshahara wa siku nne,
mwezi mzima hakunisalimia.

Sasa skrini inaniuliza: Sababu ya kusimama?
Inanipa majibu manne, nichague:
foleni, hitilafu, chakula, nyingine.
Napiga simu. Inaita, inaita.
Sauti inatoka kama ndani ya chungu.

"Nyanjige. Nililala."
"Mkwe amelia?"
"Bado. Ana saa nzima na zaidi ndipo alie.
Nimesimama mwenyewe."
Nasikia mashine ya baridi ikivuma nyuma yake.
"Niliuona mlima unakuja kwangu
badala ya mimi kuuendea."

Sina la kusema. Mafuta hayajapungua hata lita.
Mlango haujafunguliwa.
Vyote hivi kidude kimeniambia,
ila mlima uliotembea, hapana.

"Na wewe," anasema, "umeingia lini?"

Naangalia ukutani. Mugeta wa mchana anaumwa,
kwa hiyo jana, saa kumi na mbili asubuhi.
Nahesabu mara mbili, kwa vidole.
Chini ya kiti changu hakuna kinacholia.

Nje, ziwa jeusi, usiku hauna mwezi,
taa za wavuvi wa dagaa zimetawanyika,
na ninajikuta nazipa namba:
ile ya nne, ile ya tisa,
ile inayozimika na kuwaka, nani yuko pale?

Nabonyeza "nyingine".
Nasogeza kikombe, nalaza shavu juu ya meza.
Kumi na saba ingali nyekundu.
Tumelala wawili, yeye Sekenke, mimi Mkuyuni,
na hakuna aliyesaini.