Saa Saba

Nkuhungu, usiku wa manane. Upepo unasugua bati.
Naandika tangazo: toleo la tatu limetoka,
daftari letu la mvua la mashamba ya zabibu.
Msimbo wake wazi. Chukua, rekebisha, rudisha.
Chini yake, kama desturi, majina.

Chiwanga, aliyeanza kwa kompyuta ya kuazima.
Ndahani: mwezi mmoja wa kukesha,
halafu kimya, ajira Mtumba, tai shingoni.
Jina lake libaki?
Ukuta aliojenga bado tunauegemea. Libaki.
Mwahija wa Kondoa, ambaye hatujawahi kumwona uso,
anayesahihisha koma zetu kabla ya alfajiri.

Na yule bwana aliyeingia jana
akabandika palepale pa matangazo:
VIWANJA IHUMWA, VIMEPIMWA, HATI MKONONI.
Nikamfuta. Akauliza, "Si mlisema ni wazi?"
Jibu lilinijia usiku, nikiwa nimeshalala:
tuliloacha wazi ni jembe, bwana,
si masikio ya watu.

Halafu Mbeleje.
Mpunguzi, ekari moja na robo, simu ya kitochi,
daftari la kurasa mia lililoliwa kona na mchwa.
Msimbo haujui. Haujali.
Ndiye aliyetupigia Februari, amefura:
"Nimewatumia mvua ya saa saba usiku,
mmeandika saa moja asubuhi!
Saa moja nilikuwa shambani,
nimeshakanyaga matope yake!"

Tulimbishia siku mbili,
sisi wenye vyeti.
Kumbe chombo chetu, kilichozaliwa Dodoma,
kilikuwa kinasoma saa kwa kinywa cha wageni:
saba yake kikaihesabu tangu usiku wa manane,
yeye akihesabu tangu jua lilipozama,
kama mama yangu, kama mimi mwenyewe
nikiulizwa njiani.

Mstari mmoja tu ulirekebishwa. Niliuandika mimi.
Jina langu lingekaa pale, safi, bila mtu kuuliza.

Nimelifuta, nimeandika lake.
Kisha nikafanya jambo ambalo Chiwanga atalipigia kelele:
nikampa na ruhusa ya kutangaza.

Asubuhi, chai haijachemka,
ujumbe umetufikia sote, watu mia tatu na kumi:
"Saa kumi na moja alfajiri. Milimita nne."
Hakuna salamu. Hakuna asante.
Nikafungua dirisha
kuangalia kama na huku kumelowa.