Springi Tatu, Kulabu Tano

Nimelilaza gitaa kifudifudi
juu ya kanga kuukuu ya mke wangu,
meza ya kulia, Muyeye, saa nne asubuhi.
Watoto wako shule. Umeme upo.
Skrubu tano. Ya sita ilipotea
kabla gitaa halijawa langu,
lilipokuwa bado la yule Mwitaliano
aliyefunga hoteli na mshahara wangu wa miezi miwili
akanipa hili, akasema tumemalizana.

Nafungua kifuniko cha mgongoni.
Harufu ya sarafu za zamani.
Hii ndiyo kazi ya chumvi ya Malindi:
haibishi hodi, hailali, haidai malipo.
Imezila springi mpaka zimekuwa kahawia
kama sukari guru.

Na moja si ya humu. Hiyo niliitoa mimi
kwenye stendi ya pikipiki ya Jefwa,
mwaka ule wa harusi nyingi na pesa kidogo,
nikaikata, nikaikunja kwa koleo,
nikajiambia: chuma ni chuma.
Si kweli. Chuma nacho kina kwao.

Miaka minne, kila nikiukandamiza ule mkono,
sauti iliteremka, ikazama, ikayumba vizuri,
kisha ikarudi,
lakini si pale ilipotoka. Chini kidogo.
Unywele mmoja.
Kama kaka yangu Awadh na Doha:
alirudi, ndiyo, yeye mwenyewe na mabegi yake,
ila kiti chake cha zamani hakimwenei.

Na ule mlio! Daraja likitikisika tu,
ng'wiii, kama kitanda cha wageni.
Niliziba kwa pamba. Niliziba kwa sponji ya vyombo.
Aibu haizibiki kwa sponji.

Leo nina mpya. Zimekuja na basi la alfajiri toka Mombasa,
bahasha imekosewa jina langu,
ndani karatasi ya mafuta, na ndani yake
tatu, nyeupe, ngumu, kimya.
Nang'oa za zamani. Mbili zinatoka kwa adabu.
Ile ya Jefwa inaruka, inagonga sufuria,
inaingia chini ya friji.
Na ikae hukohuko.

Navuta mpya. Kidole cha shahada kinatoka damu.
Kulabu ya kwanza, ya tatu, ya tano.
Halafu zile skrubu mbili ndefu zinazoshika ukucha:
robo mzunguko, gusa uzi, sikiliza.
Robo tena.
Nikikaza uzi mmoja, zile tano zinalegea;
ni mambo ya ukoo haya,
humpi huyu usimnyime yule.
Mbele nyuzi zavuta, nyuma springi zavuta,
katikati daraja limesimama hewani,
halina habari kwamba linagombewa.

Saa saba nakandamiza mkono.
Sauti yateremka, yazama,
yarudi.
Pale pale.
Najaribu mara kumi nikiitafutia hila.
Pale pale. Nacheka peke yangu kama mwehu.

Jioni, mazoezi, ukumbi wa Maweni.
Nyevu anaingia ubeti wa pili,
nateremsha, narudisha,
naye anateleza.
Tunaanza tena. Anateleza tena.
Anashusha maikrofoni, ananitazama:
"Shekue, mbona umenihamishia nyumba?"

Ndipo nilipojua. Miaka minne
alikuwa akitua kule chini, kwenye unywele uleule,
akinifuata ndani ya kutu yangu
bila kunitoza wala kunisema,
na watu wa harusi, wakila pilau,
wakadhani hiyo ndiyo ladha yetu.

Sasa ni saa tano usiku. Nimelala tumboni
sakafuni jikoni, tochi ya simu mdomoni,
fimbo ya ufagio chini ya friji.
Nimeiacha wazi kulabu ya kati.
Mke wangu anauliza toka chumbani
natafuta nini saa hizi.
Kosa, namwambia.
Asubuhi lilikuwa hapa.