Herufi Isiyo na Mwenyewe

Saa tatu na robo Hakimu Kokubanza alivua miwani,
akatutazama sisi wa benchi la nyuma, wenye kalamu,
akasema, "Mtoto huyu asitajwe.
Si jina, si shule, si mtaa,
wala chochote kitakachomfanya jirani aseme: kumbe ni yule."
Karani akatutoa nje, akafunga mlango,
na mlango wa mahakama ile, kwa unyevu wa ziwa,
haufungi vizuri.

Nisikufiche: nilisikia.
Sauti ndogo iliulizwa swali lilelile mara nne
na wakili mwenye viatu vya kung'aa,
na mara ya nne ikajibu, "Nimeshasema."
Nikaliandika neno hilo peke yake, katikati ya ukurasa.

Kule Igombe, kwenye vichanja vya dagaa,
jina lake lilikuwa limeanikwa tangu alfajiri.
Wanawake waliligeuza upande huu, na huu, likauke sawasawa.
Muuza vocha alilijua. Fundi nyavu alilijua.
Mji mzima ulikuwa nalo, ila gazeti.

Mhariri wangu, Kashindye, alipiga meza:
"Wananchi wana haki ya kujua!"
Haki hiyo naipenda. Nimeilalia mahabusu siku mbili,
kwa habari ya saruji ya shule iliyojenga baa ya diwani.
Lakini saruji haikuhitaji kurudi darasani Jumatatu.

Kilichonikaba koo ni yule mwanamume.
Mwenye mitumbwi — nikafuta idadi.
Mwenye kiwanda cha — nikafuta samaki.
Ndugu wa baba — hapo nilifuta hadi karatasi ikatoboka,
maana ukimtaja yeye umemtaja mtoto.
Blanketi moja, wamelala wawili:
mmoja anatetemeka,
mwingine anakoroma.

Nikabaki na "mtoto", nikabaki na "Mwanza".
Nikaitazama Mwanza kitambo.
Nikaichomoa zedi kama mwiba wa sangara,
pakabaki mwana.

Mama yake aliningoja ukutani, kitenge kimefungwa kifuani.
Hakuniambia niandike, hakuniambia nisiandike.
Aliuliza tu, "Utamwita nani?"
Herufi moja, nikasema. K, labda.
"K mtaani kwetu yuko mmoja."
M?
"Huyo dada yake."
N?
"N wanakaa naye dawati moja. Atachekwa bure."
Tukaipita alfabeti yote tumesimama juani,
kila herufi ina mtoto,
kila mtoto ana mama anayepita sokoni.
Mwisho nikampa X,
ambayo Kiswahili hakina,
ambayo hakuna bibi aliyewahi kumrithisha mjukuu.
Akaiangalia kwenye daftari langu, akaigusa kwa kidole.
"Hii si ndiyo alama ya kukosa?"

Sikuwa na jibu.
Ikachapwa hivyohivyo, ukurasa wa saba,
chini ya bei ya pamba.

Nimesema Igombe. Si Igombe.
Na viatu vya wakili havikung'aa.
Usitafute.

Jumapili niliwakuta watoto juu ya majabali,
wamejipanga foleni kuyapigia mawe kelele ili yajibu.
Mmoja aliita mbuzi. Mmoja aliita timu yake, akazomewa.
Yeye alikuwa wa mwisho.
Akaweka viganja mdomoni,
akaliita jina lake mwenyewe,
lote, pamoja na la ukoo,
na mawe, ambayo hayakuwapo siku ya amri,
yakamrudishia.
Akacheka. Akaita tena.

Mara tatu, nilihesabu.
Kalamu ilikuwa mfukoni.