Kidevu Kifuani

Mnada wa mwisho ukishapita, ghala la chama
hubaki na vumbi la magunia na panya walioshiba.
Hapo ndipo Nandonde, karani wa mizani,
alipotandika viroba vya pumba za mpunga sakafuni
akasema: karibuni judo.

Tulifika kumi na wawili. Vijana wa bodaboda wanane,
wasichana watatu wa sekondari,
na mimi, Somoe binti Mchopa, mbanguaji wa korosho,
miaka arobaini na minne, goti moja bovu.
Vijana wakacheka. Nikawaacha wacheke,
kicheko hakina kilo.

Nisiseme uongo: nilikwenda kwa hasira.
Kuna mtu nilimtaka. Jina lake silitaji;
mwenyewe anajijua, na ukuta wa jikoni kwangu unamjua.
Nilitaka nionyeshwe pa kushika
na namna ya kupindua.

Nandonde akatufundisha kuanguka.

Mwezi mzima. Kwa mgongo, kwa ubavu,
kifudifudi kama gunia lililokatikiwa kamba.
"Kidevu kifuani! Mkono utangulie, mgongo ufuate!
Ardhi ukiiwahi kuipiga, nayo inapunguza."
Nikauliza: mwalimu, na kumwangusha mwenzio ni lini?
Akanijibu kwa sauti ile ile ya kusoma kilo:
bado hujapimwa, mama.

Usiku nililala na michubuko
pale pale ilipowahi kukaa mingine.
Ila hii niliijua mmoja mmoja:
huu wa Jumanne, huu wa Alhamisi,
huu wa siku niliyosahau mkono.
Niliihesabu kama chenji.

Mkanda wangu ulikuwa wa marekani, mweupe,
fundi Chilumba kanishonea kwa mkopo.
Wiki ya tatu ukajaa alama za vidole;
mafuta ya ganda hayatoki kwa sabuni wala kwa dua.
Fadina, yule mdogo, akanitania:
Bi Somoe, mkanda mweusi umeupata kwa mlango wa nyuma!
Tulicheka mpaka Nandonde akakohoa.

Julai. Ukungu umeikalia Newala
kama mgeni asiyejua kuaga.
Napanda kutoka bondeni, ndoo ya maji kichwani,
jiwe likaniponyoka chini ya mguu.
Sikuwaza kitu.
Kidevu kilikwenda kifuani chenyewe,
mkono ukauchapa mteremko kofi
lililosikika mpaka kisimani.
Ndoo ilipasuka. Mimi sikupasuka.
Nikakaa kwenye tope, nalia, nacheka,
maji yote yananirudia mgongoni.

Novemba magunia yakarudi, sisi tukatoka.
Na yule mtu akaja mizani na korosho zake.
Nilikuwa kwenye foleni, hatua mbili nyuma yake.
Aligeuka, akainua mkono, labda kufukuza nzi,
na mwili wangu, huu niliouzoea ukijikunja,
haukujikunja. Ulipanga miguu.
Sijui aliona nini.
Aliushusha mkono polepole, akauliza bei ya leo.
"Themanini na mbili," akasoma Nandonde
bila kuinua macho,
na hadi leo sijajua alikuwa anampima nani.

Siku hizi, tukishakula, namketisha mama kitandani,
juu ya godoro la sufi, na mito nyuma.
Mifupa ya mwanamke wa sabini na tano si ya kuchezea,
na njia ya chooni inateleza.
Kidevu, mama. Mkono kwanza.
Anajiachia nyuma kidogo tu, kama mtu anayejaribu kiti.
Halafu anatazama dari, kimya, kitambo kirefu.
"Ungeniletea haya," anasema, "mwaka nilioolewa."

Sina la kumjibu. Nainyoosha shuka.
Ananisukuma mkono wangu pembeni,
anajiinua mwenyewe, anakunja shingo.
Tena, anasema.
Na kiganja chake kinapiga godoro: pa!
Tena.