Kadhalika Nini?

Dalali Gathungu alinifunza kazi kwa pumzi moja:
"Andika vinavyouzika. Vilivyobaki, weka n.k.
Karatasi ni ghali, na lori linanguruma."

Nikaandika miaka sita,
Huruma, Kayole, Dandora,
ngazi baada ya ngazi, kufuli likishavunjwa:

Televisheni, moja.
Mtungi wa gesi, kilo sita.
Kochi, limepasuka mkono.
Godoro, n.k.

Haikuwahi kunichosha mkono, hiyo n.k.
Herufi mbili na nukta zake mbili,
kama macho ya mtu anayejifanya amelala.

Kisha Nyanchama akaingia ofisini, Barabara ya Kirinyaga,
deni amelimaliza, risiti kaikunja mara nne.
Nikamsomea orodha.
Kila kitu akakiitikia, kama mwalimu anaita majina.
Nilipofika mwisho, kimya.

"Hapo mwisho umesemaje?"
"Na kadhalika."
"Kadhalika nini?"

Nikakumbuka darasa la saba:
kadhalika, vivyo hivyo,
vitu vya namna ile ile, visivyo na haja ya kutajwa.
"Godoro," nikamwambia, "na vinavyofanana na godoro."

Akacheka cheko la kikohozi.
Akaanza kukunja vidole:
mwiko wa marehemu mama, umeungua ncha;
daftari la wanaomdai na anaowadai, sukuma, nyanya, sukuma;
kadi ya kliniki, chanjo zote ila moja;
sufuria isiyo na kifuniko,
kifuniko kisicho na sufuria;
kiatu cha Obare, cha kushoto.
Cha kulia anacho. Analala nacho.

"Nionyeshe hapo, kipi kinafanana na godoro?"

Stoo nilimpeleka. Godoro lilikuwepo.
Sikumwambia kwamba n.k. haipandi lori,
huachwa pale kwenye ngazi,
majirani wakaichambua, mvua ikamaliza.
Alijua. Alisimama tu, ameshika ukingo wa godoro
kama anayepima kitambaa.

Siku hizi naandika polepole.
Jana, Kayole, honi ikilia chini:
Kijiko, kimoja.
Kijiko, kingine, kimepinda.
Kalenda ya mwaka juzi, tarehe tisa imezungushiwa wino.
Kurasa nne. Lori likaondoka bila mimi.

Leo asubuhi nimekuta barua mezani,
mwandiko wa Gathungu:
nakatwa mshahara wa siku mbili
kwa uchelewaji,
upotevu wa karatasi,
n.k.