Nitolee Shekuwe

Hedifoni za mia nane na hamsini,
nyeusi, waya umefungwa plasta penye shingo,
besi yake kama mtu agongaye godoro
chumba cha tatu.
Ndizo nilizokuwa nazo mezani, Guraya,
kati ya simu zilizokufa maji na chaja zisizo wenyewe,
siku Bi Zuwena alipoleta kaseti.

"Nasikia waweza kuwatoa watu kwenye kanda,"
akasema, akaketi, mkoba mapajani.
"Basi nitolee Shekuwe."

Harusi ya Kibokoni, mwaka wa sabini na tisa.
Fidla zimo. Akodiani imo, imejaa tele.
Mwimbaji yumo, na vigelegele, na mtoto alilia halua.
Shekuwe, aliyesimama nyuma na besi iliyomshinda kimo,
hayumo.
Miaka arubaini na ushei mawifi wamtania:
mumeo alikuwa akikumbatia kabati.

Nikafungua mizani kwenye kompyuta,
vijiti kumi vimejipanga safu kama watoto wa chuoni.
Cha hezi sitini nikakipandisha desibeli sita.
Tisa.
Kumi na mbili.
Hedifoni zikakohoa. Zikavuma kama debe,
na ndani ya debe hamna Shekuwe,
mna matope tu, mna lori la saruji lapita Makupa.
Ngoma ikilia sana...
Nikashusha mkono.

Usiku ule sikulala, kwa joto na kwa aibu.
Umeme ukarudi saa saba.
Nikaanza upya, kinyume:
nisimpandishe yeye, niwashushe wao.
Sauti nzima chini sita, ipate pa kupumua.
Mia mbili na hamsini, pale akodiani inyooshapo miguu
kama mgeni asiyeaga, chini nne.
Elfu tatu: fidla, niwieni radhi.
Vigelegele, nanyi pia, msinune.
Sitini nikaiongeza tatu tu, chumvi ya kuonja.
Chini ya arubaini nikakata kabisa, kule hakuna mtu,
kule ni mota ya mashine yanguruma peke yake.

Kitu kikatembea.
Si mshindo. Mtu pekupeku kwenye sakafu ya mbao, ghorofani,
ajuaye ni ubao gani hulia.
Dum.
Akangoja.
Dum, dum.

Asubuhi Bi Zuwena akazivaa juu ya ushungi.
Akasikiliza. Akatikisa kichwa.
"Fidla," akasema. "Nzuri. Fidla."
Nikaongeza, nikapunguza, jasho lanitoka,
mpaka nikaona: kati ya sikio na kile kisponji
pana tabaka mbili za kitambaa na pini,
na besi haina haja ya mlango,
ufa wa unywele waitosha kutoroka.
Usiku kucha nimehangaika na vijiti
na mwizi yuko nje, mchana kweupe.

"Bi mkubwa, zipitishe ndani."
Akageukia ukuta. Nikasikia pini ikifunguka.
Nami nikazitazama chaja, moja moja, kwa bidii.
Aliporudi alikuwa amezikandamiza kwa viganja viwili
kama mtu azuiaye maji.

Kiatu chake cha plastiki kikagusa sakafu.
Kikachelewa kidogo nyuma ya dumbaki. Kikagusa tena.
Kikachelewa vile vile.

"DAIMA ALICHELEWA!" akasema,
kwa sauti ya asiyejisikia, hata muuza mahamri akageuka.
"HATA KULA! NAMWAMBIA, WANGOJA NINI?"
Sikumjibu. Hakuwa akiniuliza mimi.

Kanda ikaisha. Akauliza bei.
Nikasema mia tatu, akanipa mia mbili na dua,
akaondoka na hedifoni zangu masikioni,
waya ukining'inia chini ya ushungi,
haujachomekwa popote,
na hatua zake, kuelekea Kibokoni,
hazikuwa na haraka.