Nilinyoosha Mkono

Usiku wa kura, kwenye ukumbi wa kanisa,
tulikuwa watu kumi na tisa na birika moja la kahawa.
Mashine yangu ya kukatia majani ilikuwa imeibwa,
nyekundu, ya marehemu mume wangu,
ubavuni bado ina gundi alipobandika jina lake.
Kijana wa kampuni akafungua kompyuta, akatabasamu:
"Haisomi nyuso, Bi. Lorene. Nambari za magari tu."
Nikanyoosha mkono.
Nauandika mkono huo hapa
kwa kuwa hakuna kamera iliyounasa.

Wakasimika nguzo kwenye njia panda ya misonobari,
nyeusi, nyembamba, na kipande cha sola kichwani
kama kofia ya askari aliyekatazwa kuketi.
Macho hayana pazia, husema watu.
Haya hayana hata kope.

Baltazar hupita saa kumi na dakika arobaini alfajiri
kwenda kiwandani, anakofuma mazulia
yanayokanyagwa pekupeku na watu wasiomjua.
Gari lake la kijivu, mlango mmoja wa buluu,
hukohoa mara mbili mbele ya nyumba yangu.
Kikohozi cha pili ndicho huniamsha.
Miaka sita ya ujirani, sikuwahi kuisoma nambari yake.
Nilijua mengine: kwamba Desemba Petrona huleta tamale
zilizofungwa kwa maganda ya mahindi, bado zafuka moshi;
kwamba binti yao Micaela hunisomea barua za bima,
maana herufi ndogo hunikimbia.

Nguzo iliisoma siku ya kwanza.
Ikaisoma ikienda, ikaisoma ikirudi,
ikaisoma ikigeukia kliniki, ikigeukia kwa wakili,
ikipita mara tatu usiku mmoja
mtoto alipokuwa na homa na duka la dawa limefungwa.
Herufi tatu, tarakimu nne. Haikuuliza jina.
Jina liliulizwa mbali,
na mtu asiyeijua harufu ya mtaa wetu mvua ikinyesha,
akibonyeza nambari kama anayeulizia bei ya viatu,
na barabara ikamjibu.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Basi nani alimwazima mgeni kata yetu?
Mkuu wa polisi kasema, si sisi.
Kampuni ikasema, si sisi.
Mkataba tuliotia sahihi una kurasa thelathini na moja.
Micaela ndiye angenisomea.

Jumanne gari lilikohoa mara moja.
Nikangoja cha pili, macho kwenye dari.
Nikangoja.
Nilipotoka na koti juu ya nguo za kulalia
alikuwa hayupo tena. Gari limekaa chini ya nguzo,
taa za breki zikiwaka, mlango wa buluu wazi,
na juu ya paa mfuko wa chakula chake cha mchana,
umewekwa taratibu,
kama mtu aliyeambiwa, shuka kidogo tu.

Sasa na mimi nimeanza kujihesabu.
Kila Alhamisi naendesha maili arobaini
hadi gereza alimofungwa mwanangu.
Kanisani nimewaambia ni daktari wa meno.
Nguzo yajua sina jino linalouma.

Mashine haikuonekana. Majani yamenifika magotini.
Jana Petrona alibisha, hakutaka kuketi.
Alitaka kupelekwa kwa wakili.
"Gari lako," alisema, "halitafutwi."
Sikumjibu. Nikachukua ufunguo.
Tukazunguka kwa njia ya makaburini, maili tatu zaidi,
mama nyuma, kajikunja, binti kando yangu,
na pale kwenye kona, kabla ya geti,
nguzo mpya, plastiki ya kiwandani haijabanduliwa.

Nilinyoosha mkono haraka nikamziba Micaela uso.
Nikasahau:
haisomi nyuso.